Pombe ya Mfalme Asger

Watu wa Salling wanasema mimi ndiye niliyemuua Mfalme Asger. Wako wanaonisifu kwa hilo, na wako wanaohamia upande wa pili wa njia wanaponiona nakuja. Sasa nimepita miaka sabini, meno yamebaki manne, na padri wetu amesikia maungamo yangu mara nyingi asithubutu kuniuliza. Nadhani analiogopa jibu. Basi nitaeleza ilivyokuwa.

Jina langu ni Gyrid. Niliolewa na Troels, mkulima mwenye plau yake mwenyewe na maksai wanne, hapa hapa Salling katika nchi ya Jutland, kusini ya maji ya Limfjord. Hatukuwa matajiri, wala hatukuwa watu wa kupiga hodi kwa jirani kuomba unga. Mimi nilijua kupika pombe ya shayiri kuliko wanawake wote wa parokia, na kwa ajili hiyo kila vuli niliitwa ngome ya Egeborg kuwapikia. Ngome hiyo ilikuwa ya mfalme, imejengwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Nilikuwa nakwenda, napika kwa wiki tatu, narudi na nusu ya nguruwe. Troels alikuwa akiwaambia watu kwamba wenzake wameoa wanawake, yeye ameoa pipa, na pipa halimnunii mtu.

Ndivyo alivyokuwa Troels. Mdomo wake haukuwa na komeo.

Asger alichaguliwa mwaka binti yetu Sidsel alipotimiza miaka mitano. Kwetu mtu si mfalme mpaka wanaume wakutane kwenye baraza kuu la Viborg na kupiga ngao zao kwa silaha, na siku hiyo walizipiga mpaka kunguru wote wa mjini wakahama. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye masikio makubwa yaliyokuwa mekundu kwa baridi. Baba yake alikuwa amemwachia nchi iliyotatuka: ngome nyingi zilikuwa mikononi mwa mabwana wa Holstein, majirani zetu wa kusini, na njia zilijaa wanyang'anyi. Lakini Asger alikuwa na jambo moja ambalo baba yake hakuwa nalo. Alisikiliza. Alipokwisha kuchaguliwa hakukimbilia kanisani kula na maaskofu. Alikaa juu ya jiwe pale pale uwanjani akawauliza wakulima wanataka nini kwake.

Watu walinyamaza. Nani amjibu mfalme? Ndipo mume wangu akajitokeza mbele, kofia mkononi.

"Mfalme," akasema, "sisi tunataka wewe ukae kwako na sisi tukae kwetu. Tukutane kanisani tu. Na huko nako, ukipita, usiwatazame sana ng'ombe wetu."

Nilidhani watamkamata. Lakini Asger alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, akavua glavu zake za ngozi akampa Troels, akamwambia kwamba mfalme asiye na mikono mitupu hawezi kushika cha mtu. Sikuelewa maana yake, na sidhani Troels alielewa, lakini wote walicheka, na tulirudi nyumbani tukiwa tumelewa bila kunywa.

Miaka minne ya mwanzo ilikuwa mizuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu vijana wa leo wanadhani alizaliwa mbaya. Alizikomboa ngome mbili. Wanyang'anyi walipungua hata mwanamke akaweza kwenda Viborg peke yake na kikapu chake cha mayai. Vuli alipokuwa Egeborg alishuka mwenyewe kwenye nyumba ya pombe, akachota kwa upawa, akanywa akiwa amesimama, akasema ni nzuri. Hakuniuliza jina. Aliniita mama wa pombe.

Kisha akawapa Waholstein mwanawe.

Alikuwa na mtoto mmoja, Ebbe, wa miaka mitano. Walipopatana wasimamishe vita, Waholstein walitaka dhamana, na dhamana waliyoitaka ni mtoto. Asger alikubali. Alidhani ni jambo la miezi sita. Nusu mwaka haujafika, mabwana wake mwenyewe wa mpakani wakavunja makubaliano wakaenda kuiba farasi ng'ambo, na huko mtoto akafungiwa mahali penye unyevu, akashikwa na homa, akafa. Walimrudisha katika jeneza la msonobari, dogo, urefu wake kama benchi la kukamulia ng'ombe.

Nilikuwepo siku lilipofika Egeborg. Mfalme alitoka mpaka darajani. Aliuliza kama kifuniko kimepigwa misumari. Wakamwambia kimepigwa. Akasema vema, akageuka, akaingia ndani kula, maana chakula kilikuwa tayari mezani. Malkia alikaa na jeneza siku mbili, kisha akaenda kwa watawa asirudi tena. Mfalme hakumfuata wala hakumzuia.

Tangu hapo alikuwa kama mtu anayesemeshwa kutoka chumba cha pili. Ukimwambia jambo alikuwa akikutazama kwanza, halafu, baada ya muda, akijibu kitu ambacho kilikaribia ulichouliza. Jambo moja tu alilitaka, kuwapiga Waholstein, na vita vinataka fedha. Ndiyo ikaja kodi ya plau: kila mwenye plau atoe, na asiye na cha kutoa achukuliwe maksai.

Ilitangazwa kwenye baraza, mwaka wa saba wa utawala wake. Safari hii hakukaa juu ya jiwe. Alikuwa juu ya farasi, na karani ndiye aliyesoma. Alipomaliza, watu walinyamaza vile vile kama ule mwaka wa kwanza, na mume wangu akafanya alivyofanya mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemshika mkono wa koti. Alijitoa.

"Kama mfalme anaitaka plau yetu," akasema, "basi na aje aikokote mwenyewe. Sisi tutamshikia mjeledi."

Walicheka. Watu elfu na zaidi walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuua, si maneno. Nilimtazama Asger. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Akasema kitu kwa karani, akaondoka.

Siku ya tatu walinyongwa watu kumi na wawili kwenye kilima nyuma ya kanisa. Troels alikuwa wa tano. Ilikuwa asubuhi, kuna jua, kuna upepo kidogo. Mfalme alikuwepo, juu ya farasi wake mwekundu, anakula tufaha. Haikuwa dharau, nimefikiri sana juu ya jambo hili. Nadhani mtu alimpa tufaha naye akalila. Alipolimaliza hakujua afanye nini na kiini chake, akakishika mkononi mpaka mwisho.

Troels hakusema mzaha wowote. Alinitafuta kwa macho katika watu, na mimi niliinua mkono ili anione, lakini sijui kama aliniona.

Nilitazamia kulia. Nilirudi nyumbani nikakaa nikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya. Hakikuja. Wiki ile ile walikuja kuchukua maksai, na mwezi uliofuata wakaja kuchukua shamba, kwa sababu mali ya aliyenyongwa ni ya mfalme. Msimamizi wa Egeborg, mzee Jep, hakuwa mtu mbaya. Aliniambia ninaweza kukaa ngomeni mwaka mzima, nilale juu ya nyumba ya pombe ambako kuna joto, mimi na mtoto. Nikasema ahsante. Nikahamia.

Kwa hiyo nilimpikia pombe mtu aliyemnyonga mume wangu. Nililowesha shayiri, nikaitandaza ichipue, nikaikausha, nikaisaga, nikaikoroga kwa maji moto. Pombe haijui anayeinywa. Watumishi wengine walinihurumia miezi miwili mitatu, kisha wakazoea, na mimi nikazoea. Asiyezoea alikuwa Sidsel. Alikua anakunja uso. Alipofika miaka kumi na minne alikuja mbele yangu nikiwa nachuja, akasimama katikati ya mvuke.

"Mama, kesho naondoka," akasema. "Nakwenda Viborg kusokota sufu ya kondoo kwa mke wa fundi hatamu. Usinifuate."

Nilimuuliza kama ana viatu vya kutosha.

"Hivyo tu?" akasema. "Unampikia muuaji wa baba, kila siku, kila siku, na mimi unaniuliza viatu?"

Nikaendelea kuchuja. Akaondoka kesho yake. Nilisikia baadaye kwamba ameolewa na mwana wa yule fundi, na kwamba amezaa. Hakuniletea habari yeye mwenyewe.

Anguko la mfalme lilichukua miaka minne, kisha likaisha kwa siku moja. Vita vya Holstein alivishindwa mara mbili. Kodi aliipandisha. Maaskofu walifunga makanisa kwa ugomvi wao naye, tukazika watu bila kengele. Mabwana walianza kwenda kwa ndugu yake wa baba, Torkil, mmoja mmoja, kama panya wanaohama ghala. Kiongozi wao alikuwa Ove Krog, jemadari wa Asger mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye mikono yake ilikuwa safi siku zote. Walikutana kwenye nyika ya magharibi, majeshi mawili. Asger alipotoa amri ya kusonga mbele, nusu ya watu wake waligeuza farasi wakasimama upande wa pili. Hawakupigana hata kidogo. Walimkuta jioni kwenye banda la mkulima, anakula uji wa njegere katika bakuli la mwenye nyumba. Wanasema alimaliza bakuli kwanza, nao wakamngoja.

Nilikuwa Viborg walipomvua ufalme. Nilikuwa nimeletwa na magari mawili ya mapipa, kwa sababu mabwana wanapofanya jambo kubwa hunywa sana. Nilimwona vizuri. Ove Krog alisoma makosa yake: kodi, vita, watu walionyongwa bila hukumu. Hakuwataja kwa majina. Alimuuliza Asger kama ana la kusema. Asger alifikiri, ukaona kabisa kwamba anafikiri, kisha akasema hapana. Wakamwambia avue joho. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, kifungo kikamshinda. Tulisimama sote tukimtazama anavyohangaika nacho. Mwisho Ove Krog akamsaidia, kama mtu anavyomfungua mtoto.

Kisha wakapiga ngao kwa ajili ya Torkil. Ilikuwa sauti ile ile. Mwanamke mmoja muuza soseji aliyesimama karibu yangu alipiga kelele mpaka akakohoa, akanigeukia.

"Na huyu niliyemkoholea miaka kumi na moja iliyopita ndiye huyu anayevuliwa leo," akaniambia. "Koo halina haya, dada. Nipe kidogo hicho cha kwenye pipa."

Nikampa.

Walimfunga Egeborg, kwenye mnara wa kaskazini, chumba chenye dirisha moja la kuingia mkono. Ngome ilikuwa sasa ya Ove Krog, zawadi kutoka kwa mfalme mpya. Mzee Jep alifukuzwa. Wiki ya kwanza bwana mpya aliniita ukumbini. Alikuwa ameketi karibu na moto, akaniambia nikae. Sikuwahi kukaa ukumbini mle.

"Mama Sidsel," akasema. Alikuwa amekwisha kuuliza jina la binti yangu. "Huyu bwana wa juu anahitaji mtu wa kumpelekea chakula. Askari siwaamini. Askari hununulika. Nimeambiwa mumeo alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili."

Nikasema ndiyo.

"Basi wewe huwezi kumfungulia mlango."

Nikasema siwezi.

Akatazama kucha zake. "Mnara ule una unyevu," akasema. "Hakuna atakayeshangaa mtu akiugua mle. Hakuna atakayeuliza amekula nini, wala amekunywa nini. Na lile shamba lenu la Salling liko tu, halina mwenyewe. Mimi sina haja nalo." Akanitazama kwa upole. "Sikuambii ufanye chochote. Naongea tu."

Nilielewa. Mtu yeyote angeelewa. Kwenye vinamasi vyetu kuna mizizi ambayo watoto wanakatazwa kuishika, na mpika pombe anajua mitishamba yote, anayotia na asiyotia. Nikasema, "Nimesikia, bwana," nikaondoka. Nilijua kwamba shamba letu liko mwisho wa njia ile, na kwamba hakuna wa kunilaumu, hata Mungu pengine angegeuza uso kidogo. Niliingoja hasira inisukume. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani ipo mahali, imehifadhiwa kama nyama kwenye chumvi, siku moja nitaitoa. Nilipanda ngazi sabini na mbili na trei mikononi, mkate mweusi, samaki wa heringi, mtungi wa pombe, nikaitafuta hasira kila mahali ndani yangu, nikaona haipo. Wala huruma haikuwepo. Kulikuwa na ngazi tu.

Siku ya kwanza aliniambia nionje. Nikaonja. Siku zote nikaonja, miezi minane, bila yeye kusema tena, mpaka siku moja akachukua mtungi kabla sijauinua, akanywa. Sikumuuliza kwa nini. Labda alichoka kungoja.

Tuliongea kidogo sana. Aliuliza hali ya hewa, maana kwenye dirisha lile alikuwa akiona ukuta tu. Nilikuwa nikimwambia: kuna theluji, ziwa limeganda, korongo wamerudi. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa za nchi. Nilimkata nywele mara mbili kwa mwaka. Ndevu zilitoka nyeupe. Hatukuwa na neno la kuitana. Mfalme nilikatazwa kumwita, na yeye mama wa pombe hakuniita tena. Nadhani hakujua kwamba ni yule yule.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, nilimkuta anatabasamu. Sikuwahi kuona hilo tangu mtoto wake. Nikaweka trei, akaanza kusema mwenyewe.

"Nimemkumbuka mtu," akasema. "Siku niliyochaguliwa. Mkulima mmoja wa Salling. Niliwauliza wanataka nini, akaniambia nikae kwangu nao wakae kwao. Na nisiwatazame ng'ombe wao." Akacheka, sauti kavu. "Hadithi hiyo nimewasimulia watu wengi, hata wajumbe kutoka Norwe. Sijawahi kukutana na mtu mwenye akili kama yule. Wewe si wa upande huo? Unamjua? Yuko wapi siku hizi?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la jana. Nilimtazama kuona kama ananichezea. Hakuwa ananichezea.

"Ulimnyonga," nikasema.

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama vile halijaambiwa.

"Hapana," akasema. "Yule? Hapana. Ningekumbuka."

"Wa tano kutoka kushoto. Kilima cha nyuma ya kanisa. Alikuwa mume wangu."

Akakaa. Chumba kilikuwa na kigoda kimoja tu, akakaa, na mimi nikabaki nimesimama. Nilisikia mbwa wakibweka chini uani.

"Mimi sikuwepo," akasema mwisho.

"Ulikuwepo. Ulikuwa juu ya farasi, unakula tufaha."

Akaitazama mikono yake. "Kwa sababu gani?" akauliza, na naapa aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Alisema mzaha mwingine. Huo hukuupenda."

Aliniomba nimwambie ulikuwa mzaha gani. Nikamwambia, neno kwa neno, plau na mjeledi. Alisikiliza. Nilidhani atalia, au ataomba msamaha, na nikawa najiuliza nitamjibu nini. Hakuomba. Alisema, kwa sauti ya chini, "Mzuri pia." Kisha akaugeukia ukuta. Nikachukua bakuli nikashuka.

Wiki mbili hakusema neno. Chakula alikula nusu. Nilipokwenda kumkata nywele aliniuliza jina la mume wangu, nikamwambia Troels. Akaniuliza majina ya wale wengine. Nilimtajia tisa. Wawili sikuwahi kuwajua. Walikuwa watu wa mbali, wa pwani. Hilo lilimsumbua kuliko yote, wale wawili. Aliniomba niulize. Niliuliza kwa wachuuzi wa samaki, na baada ya mwaka nikapata jina moja, Laurids. La mwingine sikulipata. Nikamwambia halijulikani. Akasema, "Basi." Sijui alikuwa akifanya nini na majina hayo. Sikumsikia akiyasali, wala sikumsikia akiyataja.

Ove Krog alikuja mara moja kwa mwaka, akaniita ukumbini, akauliza bwana wa juu anaendeleaje. Nilikuwa nikisema anakohoa kidogo. Alikuwa akisema pole pole ndio mwendo, na alikuwa akinitazama kwa heshima, kama fundi anayemtazama fundi mwenzake. Hapo ndipo nilipotambua anachofikiri. Sikumkatalia. Ningemkatalia angeleta mtu mwingine.

Nimejiuliza kama hiyo ilikuwa huruma. Sidhani. Nilikuwa nimezoea ngazi zile.

Mwaka wa sita, mwezi wa Februari, kikohozi kilishuka kifuani. Nilimpelekea pombe ya moto yenye asali, nikampelekea blanketi langu. Siku ya nne hakuweza kuinua mtungi. Aliniomba nikae. Nilikwenda na gunia la kimea lililotoboka, nikakaa kwenye kigoda nikalishona huku yeye akipumua. Mchana wote. Kulikuwa na mwanga kidogo dirishani, mweupe, wa theluji. Mara moja alifungua macho akauliza kama kifuniko kimepigwa misumari. Nikasema kimepigwa. Akasema vema. Nilipomaliza mshono wa gunia nilisikia kimya, nikaona ameshakufa.

Nilimwosha. Alikuwa mwepesi. Masikio yake bado yalikuwa makubwa.

Ove Krog alipanda mwenyewe kuhakikisha. Alisimama mlangoni amejiziba pua kwa kitambaa, akatazama, kisha akanishika bega. "Umefanya kazi safi, mama," akasema. "Miaka sita. Mimi nisingekuwa na subira hiyo."

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kusema, nafasi ya pumzi moja au mbili, nayo ikapita.

Akanirudishia shamba, na maksai wawili, na karatasi yenye muhuri. Masika yale nilirudi Salling. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, kwa hiyo nilikaa upande wa pili. Majirani walikuja na mikate, siku ya kwanza, wakanitazama mikono. Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja aliyepoteza ndugu kilimani siku ile alipiga magoti mlangoni kwangu, mtu mzima, nikamwinua. Nilimwambia Asger alikufa kwa kifua. Akanikonyeza, akasema bila shaka, bila shaka, kwa kifua.

Basi nikajua kwamba hata nikisema haitasaidia.

Sidsel alikuja kabla ya mavuno. Nilimwona kwa mbali njiani, ameshika mtoto kila mkono, na mwendo wake ni wa Troels kabisa. Tulikuwa hatujaonana miaka minane. Aliingia, akawakalisha watoto, akawaambia huyu ndiye bibi yenu. Halafu akanishika mikono yote miwili akaiweka usoni kwake, na machozi yake yalikuwa ya moto.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilidhani umesahau. Kumbe ulikuwa unangoja."

Niliangalia utosi wake. Alikuwa na mvi mbili tatu, na umri wake bado. Nilijua kwamba nikimwambia ukweli atasimama atawachukua watoto, na kwamba safari hii hatarudi. Nilijua pia kwamba ukweli wenyewe si kitu kikubwa: nilipeleka chakula, mtu akala, mtu akafa. Hakuna ndani yake cha kumpa mtu.

Nikamuuliza kama watoto wamekula. Akasema bado. Nikaleta mkate na siagi na maziwa ya mgando, nikakata vipande, na yule mdogo akauliza kama anaweza kupata ule wa pembeni wenye ganda gumu. Nikampa.

Sidsel anakaa nami hadi leo. Mumewe alimfuata mwaka uliofuata, anatengeneza hatamu hapa hapa. Mambo ya Asger hatuyazungumzi, ila sikukuu, Sidsel akishakunywa, huwaambia wageni kwamba mama yake ana subira kuliko mtu yeyote Jutland nzima. Wageni hunigeukia. Mimi huwa naendelea kula.